Alama za Binti Yangu: Tuzitume au Tuzifiche?

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Ijumaa haijafika, siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo, maana mezani kwangu siku hizi watu wanapitishiana chumvi bila kutazamana. Mimi ni kinyozi, mtu wa makamo, kitambi cha wastani, mdomo mkubwa, na binti yangu anaomba nafasi kwenye chuo kinachochagua wanafunzi kama mama mkwe anavyochagua nyanya, akafanya ule mtihani wa pamoja wa kuingia vyuoni, akapata sabini na moja kwa mia, nami kwa furaha nikazima mashine nikawatangazia wateja wote, mmoja akiwa amenyolewa upande mmoja tu, kumbe jioni tunasoma kwamba wengi wanaopokelewa pale wana themanini kwenda juu. Sasa chuo kinasema kutuma alama ni hiari, mimi nasema tuzifiche, zitoshe insha yake na barua ya mwalimu, yeye anasema anazituma, mama yake yuko upande wake, na nilipowauliza wateja, wenye nywele walisema ficha, wenye vipara wakasema tuma, nami wenye vipara siwaamini kwa sababu za kibiashara. Ili nimwonyeshe kwamba mtihani ule haupimi kitu, nikaufanya mwenyewe, ule wa majaribio, akanisahihishia, nikapata thelathini na nne, akaniambia taratibu, "Baba, sasa unajua sabini na moja imetoka mbali." Na kweli, shuleni kwao kabla yake hakuna aliyewahi kufika sitini na tano, maabara ina hadubini moja inayogombewa na darasa zima, lakini nitafanyaje, wakiiona namba hiyo si watamfungia mlango?

Kinyozi Mdomo Wazi

Ndugu yangu kinyozi,

Pole. Hofu yako ni ya mzazi, naijua, nami pia nina kitambi na watoto. Ila umeandika jambo zito kuliko yote kisha ukaliruka kama dimbwi: kabla yake, shule nzima haikuwahi kufika sitini na tano. Unataka kuficha hilo?

Leo hii binti apige simu chuoni aulize kama alama husomwa pamoja na hali ya shule ya mwombaji. Wakisema ndiyo, atume, na mwalimu aitaje ile hadubini kwenye barua yake. Wakisema wanatazama namba tupu, aamue yeye, si wewe wala vipara vyako. Aombe na chuo cha pili, maana hata mwenye tisini hukataliwa.

Asubuhi uliziona alama kubwa, jioni zikawa ndogo, na katikati hapo binti yako hakukosa swali lolote jipya. Yeye ameliona hilo. Wewe bado.

Ijumaa abonyeze kitufe mwenyewe, wewe ukae pembeni, mikono mfukoni. Jumamosi watangazie tena wateja sabini na moja, kwa sauti ileile ya kwanza. Ila safari hii, malizia kwanza kichwa cha mtu.