Udongo wa Bauma Umekwenda na Maji

Muanda, kando ya bahari

Mama yangu,

Nakusalimu sana, wewe na wote wa hapo Mpofi. Umeamkaje? Mugongo ungali unakusumbua ukiinama shambani? Tulisikia njia ya Pinga imefungwa tena kwa vita na kwamba watu wenu walilala porini. Kama mumerudi nyumbani, umuambie shemeji Bahati anitumie hata neno moja, nipumue. Sisi huku tuko wazima. Neema amepanda darasa. Lingala njo inamutoka mudomoni kila saa, lakini akisali anasali Kiswahili, vile baba yake alimufundisha. Barua hii atakuletea fundi mumoja wa Kitshanga aliyemaliza kazi yake huku.

Mama, shemeji alinitumia sauti yako kwa simu. Unaomba mifupa ya mwanao irudi nyumbani, alale karibu na Papa yake. Nilikusikiliza, nikarudia tena kukusikiliza, na sikujibu. Si kwa kukudharau. Sikujua nianzie wapi.

Ile siku homa ilipomuchukua Bauma, tulimuzika kwenye makaburi ya kartie, mutaa wetu, juu, pahali unapoona bahari yote. Yeye mwenyewe alipapenda. Kati ya makaburi na ukingo wa bahari kulikuwa njia ya miguu na shamba la mihogo la jirani yangu, Mama Lusala. Shamba kubwa, Mama. Nilipomufukia mume wangu, sikuwaza kama maji yatafika pale.

Kwetu mulima unaporomoka mvua ikinyesha sana, na watu wanajua kukimbia. Huku udongo unaanguka hata jua likiwaka. Maji yanapiga chini, kwenye muguu wa ukingo, yanakula polepole mpaka kunakuwa kama pango, na juu majani yangali yanaota vizuri. Halafu ufa unatokea. Halafu kipande kizima kinashuka. Mawimbi yanakivunja, yanakifanya tope, yanakibeba. Njia ya miguu ilikwenda hivyo. Mihogo ya Mama Lusala ikafuata, safu kwa safu, yeye anang'oa mibichi ili asipoteze yote. Tulijaza mifuko mchanga, tukaipanga kule chini. Tukapanda mianzi. Bahari ilichukua mifuko, ikachukua na mianzi.

Uliposema ile neno, nilikwenda kwa shefu wa kartie. Hakukataa. Familia zote zenye wafu pale zilikuwa zinaomba kuwahamisha, na pasta alikubali kusali. Wachimbaji walianza na makaburi ya mbele, yaliyokuwa karibu zaidi kuanguka. La Bauma lilikuwa nyuma kidogo. Nilishona kitambaa cheupe cha kumufunga, Neema akaniombea uzi kwa majirani.

Kisha bahari ikachafuka. Asubuhi tulipofika na majembe, tulikuta ufa umepita nyuma ya kaburi lake. Unaweza kuuruka tu. Shefu alikuwa amefunga kamba, anazuia watu.

«Papa, ni pale tu», nikamuambia. «Musalaba wake unauona. Uniache nichimbe mimi peke yangu.»

«Mama Neema, ule udongo utakushusha na wewe. Nani atamulea mutoto?»

«Sasa nifanye nini?»

Alinishika mukono, akanishika kwa nguvu, kwa sababu alijua nitaruka kamba.

Tulisimama pale, Mama. Watu wazima wengi, wenye majembe mikononi, tunaangalia. Pasta alisali. Nilifikiri kutakuwa kishindo. Hakukuwa. Udongo uliinama kama muntu anayekaa chini, ukakwenda, na musalaba ukakwenda umesimama. Nilipochungulia, maji yalikuwa mekundu kwa ule udongo. Ubao wa sanduku sikuona. Yeye sikumuona.

Ile rangi haikukaa. Wimbi linakuja kwa upande, linasukuma tope ukingoni, linarudi, linasukuma tena mbele kidogo, na yote inakwenda kaskazini. Nilishuka nikaifuata kwa miguu, Neema mukononi, Mama Lusala nyuma anasema, «Furaha, turudi, mwanangu.» Tukafika kwa wavuvi. Kule mchanga umekuwa mwingi. Muvuvi mumoja alinionyesha munazi: zamani alikuwa anafungia mutumbwi wake pale, maji yakimugusa miguu, na sasa munazi uko mbali na bahari. Alikuwa anafurahi. «Mungu ametuongezea kiwanja», akasema. Sikumuambia kiwanja chake kinatoka wapi. Watoto wake walikuwa wanacheza pale, na sikuweza kumuchukia.

Nilitafuta kwenye mchanga ule mpaka nikachoka. Nilirudi kesho yake, na siku zingine pia. Nilipata vipande vya mbao tu, na siwezi kukudanganya kwamba vilikuwa vyake.

Njo hivyo, Mama. Sina cha kukutumia. Bahati ananiambia umekwisha kulima pahali karibu na Papa, umeng'oa hata migomba. Sijui nikushauri upaache hivyo ao upande maharage. Ukilia, usinilaumu, na ukinilaumu, nitavumilia, kwa sababu hata mimi ninajilaumu bila kuona nilipokosea. Nyumba yetu na ya Mama Lusala zingali zimesimama. Shefu anasema tuhame. Hajasema twende wapi.

Unisalimie shemeji Bahati na muke wake. Unisalimie dada Mapenzi anayekuchotea maji, na baba mudogo wa Kitshanga, kama ng'ombe zake zingali. Kitambaa cheupe nimekikunja, nakutumia na yule fundi. Ukifanyie unachotaka.

Neema anakukumbatia. Anauliza, sikukuu ya wafu ikifika, tutapeleka maua wapi. Wewe ulimuzaa baba yake, Mama. Uniambie nimujibu nini.

Mimi muke wa mwanao,
Furaha