Jibu la Pili

Jumatatu, 25 Agosti

Barafu mifuko minne. Chupa ishirini na sita, zote zimejaa. Fomu zimechapishwa. Peni mbili, moja haiandiki. Kipima joto cha hewa nimekisimamisha karibu na goli, kwa miguu yake mitatu, kama mpiga picha wa harusi anayengoja watu wajipange. Kocha hakipendi. Anasema kinawatia vijana uoga.

Kocha ananiita Nesi. Mimi si nesi. Nina cheti cha huduma ya kwanza na miaka miwili ya kufunga vifundo vya miguu vya wanachuo hawa, huku Uarabuni. Jina langu ni Nekesa, nimeshamwambia mara kumi. Wacha aite anavyotaka.

Kabla ya mazoezi namwuliza kila mchezaji maswali ya fomu. Umelala? Kichwa kinauma? Mkojo una rangi gani? Wote nawauliza kwa Kiingereza, isipokuwa Haji. Haji ni kiungo, mwaka wa kwanza, ana miaka kumi na tisa. Mtu wa Unguja, kaja kwa ufadhili wa mpira. Pale uwanjani ndiye pekee wa kuongea naye Kiswahili. Ananiamkia shikamoo mbele ya wenzake bila aibu. Mimi wa Bungoma, shikamoo niliisoma darasani. Nikisema marahaba najiona nimezeeka miaka ishirini.

Leo amenitania. Ati sisi Wakenya tunasalimiana kama tunafukuzwa. "Dada Nekesa, unauliza huku unaondoka." Kwao ukiulizwa hujambo, unajibu sijambo, hata kama una homa. Ndiyo adabu. Halafu aliyeuliza anangoja, na habari yenyewe inakuja kwenye jibu la pili. Anasema mama yake, Bi Asha, akimpigia simu huuliza, husikia sijambo, kisha hunyamaza kimya mpaka Haji atoe kilicho moyoni. Hajawahi kumshinda mama yake kwa kunyamaza.

Nimecheka. Nimerudi chumbani kwetu Discovery Gardens kwa treni mbili za metro, miguu inawaka.

Jumatano, 27 Agosti

Jana walifungwa mechi ya kirafiki. Leo tumelipa.

Kocha amefunga friji ya maji kwa kufuli. Ufunguo mfukoni mwake. Chupa zangu pia amezitia humo. Anasema maji ni ya walioshinda. Halafu mbio, kutoka mstari hadi mstari, saa kumi jioni, juu ya nyasi za plastiki zinazochoma hadi ndani ya kiatu.

Kipa ametapika. Nikatoka na kitambaa cha barafu. Kocha akaninyooshea kidole: rudi kwenye sanduku lako.

Nilirudi. Naandika hivyo hivyo. Nilirudi.

Ijumaa, 29 Agosti

Siku ya mapumziko. Nimefua, nimepika sukuma wiki ya hapa ambayo haina ladha.

Kuna kiti cheupe cha plastiki kando ya uwanja. Mchezaji akisema anaumwa, Kocha humkalisha hapo na taulo kichwani kama mtandio, wenzake wakikimbia mbele yake. Anakiita kiti cha bibi. Aliyekikalia hapangwi mechi inayofuata. Kwa hiyo siku hizi hakuna anayeumwa. Fomu zangu zote ni safi. Timu ya watu ishirini na sita, mwezi mzima, hata mafua hakuna. Ajabu gani hii? Hata mwanachuo wa hisabati angejua hesabu hiyo ni ya uongo, na anayeijaza ni mimi.

Nimemwambia Rehema. Rehema ni wa Tanga, anafanya usafi hotelini mtaa wa Al Barsha, tunalala chumba kimoja. Akasema, "Ripoti." Nikamwuliza, kwa nani? Aliyeniajiri ni rafiki wa Kocha. Visa yangu iko mkononi mwao.

Naogopa. Basi.

Jumatatu, 1 Septemba

Lazima niandike sasa hivi, kabla sijaanza kujipangia maneno.

Kipima joto kilikuwa chekundu. Karatasi iliyobandikwa ukutani inasema chekundu ni marufuku kufanya mazoezi nje. Nilimwonyesha Kocha. Alikikunja miguu akakitia kwenye begi la mipira, akafunga zipu. Akasema nina dakika mbili za fomu zangu, yalla, haraka.

Dakika mbili, watu ishirini na sita. Nikapunguza maswali. Kila mmoja nilimwuliza moja: kichwa kinauma? Hapana. Tiki. Hapana. Tiki.

Nikafika kwa Haji. Yeye sikumwuliza kichwa. Kwa sababu ni wetu, nilimsalimia. Nilisema, "Haji, u mzima?"

Akasema, "Mzima, dada, alhamdulillah."

Nikatia tiki. Akabaki amesimama. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka hapa katikati. Niliiona. Filimbi ikalia. Nikamwambia, "Haya, nenda."

Akaenda.

Kama dakika arobaini baadaye alianza kukimbia upande upande. Akapiga magoti. Kocha akamwita mwigizaji, akamwambia ainuke au akakalie kiti. Akainuka! Mungu wangu, aliinuka. Akakimbia tena, hatua kama kumi, akaanguka kifudifudi na mikono yake haikujaribu kumzuia.

Safari hii sikuomba ruhusa. Ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu. Alikuwa akisema maneno, si Kiingereza wala Kiswahili. Nilimmwagia ndoo yangu ya barafu, ndoo moja, na chupa zote ziko ndani ya friji yenye kufuli. Nilipiga kelele walete ule ufunguo. Kocha aliupapasa mifukoni. Alipapasa muda mrefu sana. Kipa alivunja mlango wa friji kwa teke.

Ambulensi ilikuja. Imeenda naye.

Jumanne, 2 Septemba

Hajaamka. Wamesema figo, wamesema ini. Nimekaa kwenye korido ya hospitali tangu asubuhi. Si ndugu, siruhusiwi kuingia.

Alhamisi, 4 Septemba

Haji amefariki. Saa tatu asubuhi.

Jumamosi, 6 Septemba

Maiti imesafirishwa jana. Chuo kilituma shada la maua uwanja wa ndege. Waislamu wa Unguja na maua ya utepe, jamani. Rehema aliyaona kwenye simu yangu akageuka ukutani.

Kocha alizungumza mbele ya wanachuo. Alilia. Machozi ya kweli, nilikuwa karibu. Nilimchukia zaidi kwa yale machozi.

Baadaye alinifuata kwenye chumba cha vifaa. Alikuwa mpole, na kwa mara ya kwanza akaniita Nekesa. Akasema kutakuwa na kikao cha uchunguzi Jumatano, nisiwe na wasiwasi. Fomu ipo. Mchezaji mwenyewe alisema ni mzima, nami nikaandika. Fomu yangu inatulinda sote wawili.

Sote wawili.

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda kanisani. Ningeimba nini?

Nimemweleza Rehema yote, mpaka lile tiki. Alikuwa akichambua mchele. Kwanza aliogopa kwa ajili yangu. Akasema nikifungua mdomo nitafukuzwa, na mama yangu Bungoma bado ananitegemea, na wenye kazi zao hawakosi wa kuwatetea. Kweli tupu.

Halafu akauliza, "Alivyokwambia mzima, ulimngoja?"

Nikasema filimbi ililia.

Aliendelea kuchambua mchele ambao ulishakuwa safi. Mtu wa pwani yule, anajua. Wale wazungu na Waarabu wa chuo hawatajua kamwe kosa langu liko wapi. Wataona tiki, wataona neno mzima, watasema mama huyu alifanya kazi yake. Naweza kukaa ndani ya karatasi ile mpaka nistaafu.

Ila nilijua. Alinifundisha mwenyewe, wiki moja kabla, huku akicheka. Akasimama mbele yangu na jibu lake la pili mdomoni, nikamwambia nenda.

Jumanne, 9 Septemba

Kesho kikao. Nimepiga pasi blauzi. Nimeichoma kola.

Jumatano, 10 Septemba

Watu watatu nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na chupa ya maji baridi mbele yake. Yangu pia iliwekwa. Sikuigusa.

Kocha alikuwa amekaa upande wa dirisha. Walinionyesha fomu. Mwandiko ni wako? Wangu. Mchezaji alisema ni mzima? Alisema. Mwanamume wa katikati akafunga kalamu yake, ikawa kama imekwisha, khalas.

Nikasema haijaisha.

Nilianza na kufuli. Halafu kipima joto kwenye begi la mipira. Halafu dakika mbili. Halafu kiti, na taulo. Kiingereza changu kikawa kama cha mtoto wa darasa la nne, lakini sikukiacha. Kocha akasema mimi nina uchungu, nahitaji mapumziko. Nikamwambia ndiyo, nina uchungu.

Kisha nikasema langu. Nikasema kwetu mtu akiulizwa hali hujibu njema kwanza, kwa heshima. Anayeuliza ndiye anayepaswa kungoja. Mimi nilijua na sikungoja. Kwa hiyo fomu ile isimlinde mtu, wala mimi.

Mwanamume wa katikati aliandika maneno machache. Nilikuwa naona karatasi kichwa chini: suala la kitamaduni. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Suala la kitamaduni! Kufuli nayo ni ya kabila gani?

Madam wa pembeni, ambaye alikuwa hajasema kitu, ndiye aliyeuliza ufunguo wa friji siku ile ulikuwa na nani. Kocha akageukia dirisha. Madam akauliza tena, akimtazama. Kocha akaanza kueleza habari za nidhamu. Madam akamwacha amalize, kisha akarudia swali lile lile kwa sauti ile ile. Ufunguo ulikuwa na nani?

Nilipotoka, kipa alikuwa kwenye benchi la nje, goti lake limefungwa bendeji ile niliyomfunga mimi, maana aliumia kwa lile teke. Nyuma yake walikuwa wengine kumi na mmoja, wamesimama tu ukutani. Hawakuwa wameitwa. Kipa aliinuka akaingia.

Jumanne, 16 Septemba

Kocha ameondoka. Barua ya chuo inasema kwa sababu za kifamilia. Hakuna mahali lilipoandikwa jina la Haji. Rehema anasema atapata timu nyingine, nchi nyingine, mwaka haujaisha. Pengine. Ila wale wachezaji kumi na wawili walitia sahihi maelezo yao, na madam aliniambia nakala imepelekwa kwa wakubwa wa michezo na kwa familia. Nataka kuamini itasomwa.

Mimi mkataba hautaendelea. Wamesema kwa adabu sana. Wamenipa muda wa kupanga safari.

Nilikwenda kuchukua viatu vyangu. Friji ni mpya, haina mahali pa kutia kufuli. Kipima joto kimerudishwa karibu na goli. Kuna mtu amekitupa kile kiti.

Nilidhani nitafurahi kidogo. Sikufurahi.

Jumapili, 21 Septemba

Siku kumi namba ya Bi Asha iko kwenye simu yangu. Kipa alinipa. Leo nimepiga, baada ya chakula cha mchana, Rehema akiwa kazini.

"Shikamoo, mama. Mimi Nekesa, niliyekuwa na Haji uwanjani."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nikasema sijambo.

Akanyamaza. Nikasikia kuku, na ufagio wa mtu uani. Hakuuliza kitu kingine. Alikuwa ananingoja, kama Haji alivyosema.

Basi nikasema. Yote. Midomo iliyopasuka, tiki, filimbi, haya nenda. Sikujitetea hata mahali pamoja. Nilipofika mwisho nilikuwa nimeshika ukingo wa sinki.

Bi Asha akasema kwamba asubuhi ya siku ile Haji alimpigia. Nyumbani kulikuwa na wageni wa harusi ya jirani, sufuria ziko motoni. Alimwuliza hujambo, akasema sijambo, mama. "Nikamwambia haya baba, n'takupigia jioni."

Nikamsikia anakaa chini, taratibu, kama mtu anayeshika ukuta.

Tukabaki hivyo, yeye kule na mimi huku, simu masikioni. Hakuna aliyekata.