Mke Mdogo wa Mhina

Jumanne. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri, na hata sasa, alasiri, bado inanyesha hapa Handeni, taratibu, bila upepo. Kifua kimeniachia kidogo. Nimetoka chumbani hadi kibarazani nikishika ukuta, nikakaa mwenyewe bila kusaidiwa.

Asubuhi nimefanya jambo nililoliogopa kwa karibu miaka hamsini. Nimempigia simu Zaina.

Namba yake nimekuwa nayo tangu mwaka jana, imeandikwa nyuma ya kadi yangu ya kliniki. Daktari siku hizi hanipi tena tarehe za mbali, nami nimeelewa. Zaina ni binti wa marehemu Mhina, dereva. Nilichomkosea baba yake sijawahi kukiandika popote. Leo nakiandika.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa bwana elimu, kijana wa Magoma niliyetoka chuoni na viatu vinavyong'aa. Kazi yangu ilikuwa kupeleka mbao za kuandikia, chaki na vitabu vya kisomo cha watu wazima katika vijiji vipya vya Handeni. Mhina aliendesha Landrova ya idara. Vijiji vingine vilikuwa safari ya siku mbili, na njiani hakukuwa na gereji wala duka, ni vichaka na mbung'o tu.

Kwa hiyo Mhina alikuwa na kasha lake la bati. Ndani mlikuwa na mkanda wa feni wa akiba, plagi, bomba la mpira la rejeta, viraka na gundi, waya wa kufungia, na mche wa sabuni ya kufulia wa kuzibia tangi la mafuta likitoboka. Kila kitu alikiviringisha katika kipande cha kanga kuukuu. Hakuondoka popote bila kasha hilo na hakuruhusu mtu mwingine aliguse, ndiyo maana yadi nzima ya magari ililiita mke mdogo wa Mhina.

Yadi nzima, isipokuwa mimi mgeni.

Siku ya safari yangu ya kwanza naye, gari lilikuwa limeshajaa mbao. Mhina akasimama mlangoni, haingii.

"Bwana Elimu, mimi siondoki bila mke mdogo."

Mafundi wakacheka. Nilidhani wananicheka mimi.

"Gari la umma halibebi wake za watu," nikasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara. "Mke mdogo abaki."

Mhina akanitazama, akatazama na mbao zangu. "Abaki?"

"Abaki."

Akaamini kwamba nimeamuru kasha liachwe ili mbao zipate nafasi. Akapanda, akawasha gari.

Siku ya pili, tukiwa mbali na kijiji chochote, mkanda wa feni ukakatika na maji ya rejeta yakachemka. Nikamwambia atoe wa akiba.

"Uko kwa mke mdogo, bwana. Si ulisema abaki?"

Hakusema kwa kejeli. Nilielewa palepale. Ningeweza kucheka, naye angecheka, yakaisha. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikienda kuwafundisha watu wazima maana ya maneno, na maneno mawili ya yadi yalikuwa yamenipita.

Nikanyamaza.

Mhina akafungua kamba za katani zilizofunga mbao, akasokota mkanda. Ukatuvusha kilomita chache, ukakatika. Akasokota mwingine, mikono imechubuka, huku akinitania kwamba kumbe mbao zangu nazo zina faida. Wa tatu ulikatika mlimani. Injini ikazimika, haikuwaka tena. Kichwa cha injini kilikuwa kimepasuka kwa joto.

Tuliporudi nilitakiwa kuandika ripoti. Niliandika: "Dereva aliondoka bila vipuri vya akiba."

Sentensi hiyo haina neno hata moja la uongo. Ndiyo maana imenitafuna muda wote huu.

Mhina alinyang'anywa usukani, akapewa ufagio. Kila asubuhi alinipisha langoni mwa yadi: "Habari za asubuhi, Bwana Elimu." Alikuwa amenizidi miaka kumi na tano, mimi ndiye niliyepaswa kumpa shikamoo. Hakuniuliza kitu. Baadaye alirudi kwao Kilole, na huko ndiko alikofia. Sikwenda kuzika.

Zaina alinisikiliza hadi mwisho. Nilisikia mvua upande wake pia. Halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Mama naye alikuwa na yake, mzee. Akisema, mke mwenzangu anavishwa kanga, mimi je?"

Kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba hadi leo, mtu akisahau kitu nyumbani kwao, kaka zake humwambia, "Umekuwa Mhina wewe." Wajukuu nao wamedaka neno hilo, wanataniana nalo.

Hili sikulijua. Nilidhani nilimnyima mtu kazi. Kumbe nilichukua na jina lake nikaligeuza kuwa neno la uzembe, kwa watoto wake mwenyewe.

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kuniambia mimi peke yangu hakutoshi, mzee. Njoo uwaambie wao."

Nikataja miguu yangu, nikataja kifua. Akajibu kwamba mumewe ana gari, na kesho asubuhi atanifuata. Kaka zake atawakusanya yeye. Binti yangu aliposikia alinuna. Baadaye nikamwona ananipigia pasi kanzu.

Nimeandika pia karatasi kwa mkono wangu, herufi zinatetemeka lakini zinasomeka: "Mimi ndiye niliyemwamuru dereva Mhina aache vipuri." Nimetia saini. Pumzi ikinikatikia katikati ya maneno, mtu mwingine atamalizia kusoma.

Nashangaa jinsi nilivyo mwepesi leo. Nimekula uji wote.

Zaina amepiga tena sasa hivi. Mumewe anauliza kama kuna kitu cha kubeba akija kunichukua. Nikamwambia, "Mwambie asiondoke bila mke mdogo."

Kisha akasema kasha lipo, uvunguni mwa kitanda chake, na kanga za mama yake bado zimo.

Naomba asubuhi inikute. Mahali pa kukaa nimeshapanga: mke mdogo mbele, mimi kiti cha nyuma.