Pole Niliyompa Kinyozi

Jumatatu, 4 Agosti 1952

Itangazwe kwa watu wote wa Mwisenge, walio macho na wanaosinzia: leo saa nne asubuhi neno "kesho" limepata maana rasmi. Kesho: siku ambayo nguo zote za Musoma zitakuwa tayari.

Nimeiandika kwenye karatasi ya kukatia kola, nikampa Kasmiri, dereva wa lori la pamba, ampelekee kinyozi Alawi kule Bunda. Alinitumia neno hilo majuma matatu yaliyopita. Nimechelewa — fundi cherehani ni fundi cherehani. Nami nimemtumia "subira", aitafutie maana. Mwaka wa nane huu tunafanyiana hivi. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Watani. Sijapata kumwambia neno la adabu, naye hajanikosea heshima kwa kuniambia la adabu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kasmiri karudi mikono mitupu. Kasema: hakuna karatasi, fundi. Kinyozi kalala, tumbo, majuma mawili sasa. Mkewe anasema uje.

Subira nimejijibia mwenyewe: jina la heshima la kukosa lori. Kasmiri anasema lori ni Jumamosi.

Jumamosi, 9 Agosti. Bunda

Mwamvita, mkewe, kanidaka mlangoni kwao hapa Manyamanyama kabla sijavua viatu.

"Shemeji, huko ndani usitie huruma. Kila anayeingia ni pole, pole. Yeye kashasema: siku mtani wangu Jumanne akinipa pole, nitajua kwisha kazi. Na uji anakunywaga akikasirika tu."

Dresa wa zahanati kasema dawa imefanya kazi yake, iliyobaki ni kula. Basi kazi yangu ni kumkasirisha. Nimefanya kazi ngumu kuliko hiyo? Sijui. Nimeingia. Alikuwa mnene kuliko mimi! Sasa shuka limelala juu ya kitanda kama halina mtu.

"We Mnyamwezi! Nimefunga cherehani nije kukuzika, nakuta unapumua. Hamna haya nyie?"

Jicho likafunguka. "Mzaramo: mtu aliyekimbilia bara kwa sababu pwani walishamjua."

"Mgonjwa: mtu pekee nyumbani anayechinjiwa kuku na bado ananuna."

Kacheka, kakohoa, kanitukana na ukoo wangu wote. Akanywa nusu bakuli.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi kalitazama bakuli. Uji ni nini, Mzaramo? Nikamwambia: maji yaliyosikia habari za unga. Mwamvita kanikata jicho — uji ni wake. Bakuli likaisha! Adhuhuri akataka kukaa barazani, akaone kama kiti chake cha kunyolea hakijaibiwa. Nikamwinua. Akaniangukia mkononi. Nimewahi kubeba jora la kitambaa cha amerikani zito kuliko yule mtu.

Nikasema, "Pole, kaka."

Lilitoka lenyewe. Na "kaka" juu yake!

Alinitazama. "Umesemaje?"

Miaka minane nina majibu. Pale nikabaki kumnyoosha kola ya shati. Akaomba arudishwe kitandani, akageukia ukutani. Jioni bakuli limerudi kama lilivyokwenda.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemtukana tangu alfajiri. Nimetukana kabila, kichwa, wembe, marehemu babu yake mpagazi. Kila tusi akajibu kwa sauti ndogo, "Asante, ndugu Jumanne." Asante! Ndugu! Heri angenipiga.

Akamwita Mwamvita, akaanza kumweleza nani apewe mikasi.

Mwamvita katoka na bakuli la pili lililojaa. Kaliweka miguuni pangu. Angenitukana ningepumua.

Nikafikiri. Mtani ana haki ya kuchukua, na mwenye mali hana ruhusa ya kununa. Nimebeba kiti chake nikakiweka chini ya dirisha lake. Nimechukua wembe, sabuni, mikasi, taulo. Nikatangaza kwa sauti ya mnada, asikie na akasirike: kinyozi amestaafu, mtani amerithi, leo hapa ananyoa Mzaramo!

Ndani akavuta shuka hadi masikioni.

Mteja kapatikana upesi. Silasi, mkulima wa pamba wa Nyamuswa, mtu mpole, anamwoza binti yake kesho na anataka kichwa king'ae. Kaniuliza kama nina uzoefu. Nikamwambia nimekata watu wengi. Sikusema kwamba ni suruali zao.

Nimempaka sabuni. Nikanoa wembe kwenye mkanda, kinyumenyume, kwa kelele, karibu na dirisha. Kitanda kikalia ndani. Mwamvita kasimama mlangoni na bakuli la tatu, mkono mdomoni. Kinyozi bado hajatoka.

Maji yalikuwa ya baridi, nimeyabandika upya, ndiyo maana nina nafasi ya kuandika haya. Silasi ametulia kitini, povu hadi kwenye nyusi, amefumba macho, ananiamini.

Maji yamechemka. Sijawahi kunyoa mtu.