Kikapu cha Corinne

Harlow, Iowa, 8 Februari 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje na baridi hii? Nguruwe wanakula? Mimi mzima, ila nimejaa hasira.

Tarehe ishirini tunacheza mechi ya mpira wa kikapu ya kuwaaga wasichana wangu wa mwaka wa mwisho hapa shuleni. Corinne, yule aliyechanika kano ya goti, ataanza na magongo yake kama desturi ilivyo: wapinzani watamwacha afunge kikapu kimoja, nasi tutawaachia kimoja, ndipo tushindane. Nimeshapeana mkono na kocha wao.

Leo Bwana Dill, mkurugenzi wetu wa michezo, kaniita. "Cha kwao chukua, chetu usiwape. Tukifungwa hatuendi kwenye ubingwa, na mkataba wako basi."

Nikamwambia siwezi. Akacheka: "Utaweza tu, dada. Njaa itakufundisha."

Mwanao,
Marlys

Shambani, 13 Februari

Marlys binti yangu,

Marahaba. Nyonga inauma, nguruwe wanashiba.

Ulipoacha kucheza kule Italia nilikwambia urudi nyumbani. Wewe ni mchezaji, si yaya wa watoto wa watu. Kocha ni yule anayeshinda. Dill ni mjinga, lakini ndiye bosi wako. Mwache huyo msichana akae benchi apigiwe makofi, yaishe. Usije kwangu na masanduku.

Baba yako,
Gerrit

Harlow, 17 Februari

Baba,

Shikamoo tena, na pole na nyonga. Ushauri nimeupata, siutaki.

Tulipokuwa tunacheza wawili ghalani, ukinigusa mkono ulikuwa unajiitia faulo mwenyewe, na hakukuwa na mwamuzi. Leo unataka niibe mbele ya ukumbi mzima? Nilipocheza Poland mashabiki walinitemea mate na bado nikafunga. Dill atanitisha na nini? Corinne atafunga, na wenzetu watapewa chao. Masanduku nitayaleta, utake usitake.

Mwanao asiyesikia,
Marlys

Shambani, 23 Februari

Kwa Kocha Marlys Hoekstra,

Natumaini u mzima. Najua umelia, usinidanganye. Redio imesema wamekufukuza.

Nilikuwepo. Nilikaa upande wa wageni usinione. Corinne aliporusha akakosa, yule mrefu wao aliuokota mpira akamrudishia mkononi, naye Corinne akafunga. Watu wakapiga kelele mpaka mabenchi yakatetemeka. Ikafika zamu yao. Dill akasimama nyuma yenu: "Wazuieni! Nyie, wazuieni!" Wasichana wakakutazama. Wewe ukakunja mikono tu, nao wakasogea kando wakawapisha. Nilisimama na nyonga hii mbovu nikashangilia hadi mama mmoja wa wageni, aliyeiona kofia yangu ya Harlow, akaniambia, "Mzee, kaa chini, hao wamewafunga nyie!"

Mkashindwa kwa pointi moja. Mlangoni nikamkuta Dill akilalamika, "Yule mwanamke kanikosesha ubingwa." Nikamwambia, "Yule mwanamke ni kocha, na ni binti yangu. Wewe hata mpira hujui kuudunda." Akanywea.

Sikukungoja. Ningekwambia niliwahi nguruwe, lakini ukweli sikutaka unione nikifuta macho.

Ghalani nimefunga wavu mpya. Wasichana wa hapa kijijini wameshaniuliza unafika lini, nikawajibu wakaze kamba za viatu.

Leta masanduku.

Baba yako,
Gerrit