Kwa Bwana Lamu, Changamwe

Alhamisi, 3 Oktoba 1946

Nimefika Changamwe alasiri, vumbi hadi ndani ya masikio. Basi la Kaloleni limekufa njiani mara mbili. Shangazi Margret hakunipa hata maji — kwanza Gershom, Gershom, Gershom! Karani wa bandarini. Ana viatu jozi tatu. Alipigana Burma. Jumapili wazee wake waja kusikia jibu langu. Siku tatu za kumjua mume! Fundi wa gauni huniweka wiki mbili.

Nimesema haya, nitamwona. Shuleni wamenipa ruhusa hadi Jumatatu tu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Amekuja. Suti ya sufu, katika joto hili! Anena kama asomaye gazeti kwa sauti. Akaniuliza kama nimewahi kula kwa Mchina. Wapi — Kaloleni? Akanicheka kwa huruma. Kesho anipeleka kwa Bwana Lamu, karibu na stesheni. Nami nikadhani ni mtu wa Lamu. Kumbe jina lake Lam, mpishi wa meli. Meli ilizama wakati wa vita, yeye akabaki huku. Hiyo U amepewa na watu wa hapa.

Gershom asema chakula cha Kichina akijua sana, Burma alikula na majenerali wao. Majenerali — wengi! Shangazi akaitikia kwa kichwa, utadhani ndiye aliyewapakulia.

Tena asema nikiolewa niache kufundisha. Alisema hivyo huku akipangusa kiatu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nacheka, kisha sicheki.

Tumefika saa sita. Gershom moja kwa moja hadi meza ya mbele. Mama mmoja akamzuia mlangoni, mpana wa mabega — Kaviha, Mrabai, ndiye apikaye na Lam. Mbele ni kwa mabaharia na Wazungu wa reli, akasema. Amri ya mwenye nyumba, si ya Lam. Sisi ni uani, karibu na jiko. Gershom akanieleza kwamba Burma wakubwa wote walikaa uani. Hewa.

Lam akatoka akijifuta mikono. Mtu mzima, mwembamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, Kiswahili chake kitamu kushinda cha karani wetu. Ndipo Gershom akasimama, akatoa Kichina. Kirefu! Lam akamsikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akamgeukia Kaviha: "Huyu asema Kigiriama?"

"Mimi Kigiriama nakisikia," akajibu Kaviha. "Hicho sicho."

Chakula — samaki changu mzima, amepikwa kwa mvuke, tangawizi, majani ya vitunguu, maji meusi ya chumvi juu yake. Wallahi sijala samaki mtamu hivyo. Na uji wa mchele. Gershom akaguna: uji wa wagonjwa! Lam akasema hicho ndicho chakula cha kwao Kantoni, watu wa pwani kama sisi. Wa kaskazini hula ngano, na yeye hawezi kunipikia cha kaskazini, angekuwa anidanganya. Mimi nilitumia kijiko. Gershom akataka vijiti, akavishika kama mtu afumaye soksi. Samaki akamwangukia kwenye suti.

Kaviha alileta kitambaa, akamtazama sana. "Ee! Si Gershom wa masufuria? Kambi ya askari, Nyali? Miaka mitatu nilikuwa nikiwaletea mboga!"

Gershom akasema amemfananisha. Kaviha akasema kovu la kidevuni pia amelifananisha? Nilicheka kwa sauti, vibaya, hadi mabaharia wakachungulia. Akainamisha uso. Hapo nikaona haya kidogo. Kuosha masufuria si aibu. Baba yangu alichukua mizigo ya watu hadi akafa, wala hakujiita jenerali.

Mara mabaharia wengine wakaingia, kundi zima, Kaviha akahangaika, sufuria kubwa ya wali ikaungua. Gershom akavua koti. Bila kuambiwa. Akachukua mchanga na makumbi ya nazi, akachutama, akasugua hadi ndani kukang'aa. Mikono yake haikubabaika hata kidogo. Nilimtazama muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Mlangoni kwa Shangazi akasema, "Burma sikufika."

Nikamwambia nimeshajua. Akaondoka, koti begani.

Jumapili, 6 Oktoba

Wazee wako ukumbini tangu kutoka kanisani. Watatu, mmoja amelala. Shangazi awalisha mahamri na vita vya Burma, tena kwake yeye Gershom amepanda cheo. Mimi niko chumbani, gauni nimevaa, jibu sina. Jana asubuhi lilikuwa hapana, safi kabisa.

Gershom mwenyewe hayuko nao. Amezunguka nyumba, yuko hapa dirishani, anong'ona. "Jerioth. Kuna jingine. Nisikilize kabla hujatoka kwenda kwao."

Uso wake, kwenye upenyo wa mbao za dirisha, kama wa mtoto wa darasa langu aliyevunja kibao. Nimemwambia angoje nimalize mstari. Angoja.

Shangazi aniita. Nimejibu abee, naja — wala sikuinuka. Aita tena, sasa kwa jina langu lote. Nimetia komeo mlangoni: hilo jingine nataka kulisikia kwanza. Nafungua dirisha, ubao mmoja, wa pili umekwama, amesaidia kuuvuta kutoka nje —