Karanga Mbili za Mstari wa Kumi na Nne

Dada Hawa,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini ulinikemea mara nyingi mno kwa kuanza kazi bila salamu, na sitaki kuianza barua hii kwa ukaidi uleule. Ni Jumapili mchana, niko chumbani kwangu Chang'ombe, nimetoka kanisani na hata nguo sijabadilisha. Upepo umeleta vumbi hadi mezani. Fundi cherehani wa jirani anabishana na mteja juu ya pindo la sketi. Huku kwetu ni kama ulivyokuacha, ila mimi nina neno nimelibeba tangu ulipofariki. Nina wivu juu yako, Dada. Na ninayemwonea ni Pendo.

Nimesema. Ngoja kwanza nipumue.

Meza yako amepewa Pendo. Yule binti uliyemchukua kutoka chuoni, miezi sita tu kabla hujaugua, ndiye anayekaa dirishani sasa. Bosi wetu, Kaka Elia, alisema ampe yeye kwa sababu macho yake yanahitaji mwanga. Macho! Mimi nimekaa na wewe miaka saba. Ulinikuta kwenye duka la kuchapa na kudurufu karibu na kwako Nkuhungu, nikimuuliza mteja kwa nini barua yake moja ina tarehe mbili. Ukasimama mlangoni na mkate wako kwapani, ukasema, "We binti unasumbua. Njoo usumbue kwangu." Wiki iliyofuata nikawa mpimaji wa mifumo ya kompyuta, kazi ambayo mama yangu hadi leo anaamini ni ya kupima umeme.

Ulinifundisha kwamba mteja akileta karatasi ya mahitaji, kila mstari wake ni ahadi. Mfumo utafanya hiki, mfumo utafanya kile. Sisi kazi yetu ni kuisumbua ahadi kabla haijamfikia mtu anayeitegemea. Kila ahadi tuiandikie majaribio: tunaanza na hali gani, tunafanya nini, tunatarajia matokeo gani. Lakini ahadi zikiwa mia na siku ni kumi, unaanza na ipi? Hapo ndipo ulipokuwa unatoa bakuli lako la bati.

Kunde upande mmoja, karanga za kukaanga upande mwingine. Ulitandaza karatasi mezani ukaanza kupanga juu ya mistari. Kunde ni kwa kosa linaloweza kutokea mara kwa mara. Karanga ni kwa kosa litakaloumiza mtu. Mstari wenye kunde tupu unaweza kusubiri. Wenye karanga tupu tunautupia jicho. Palipo na vyote viwili ndipo tunapoamkia. Wateja walidhani tunapiga ramli. Vijana wa kuandika programu wakipita wanadokoa karanga, nawe unapaza sauti, "Nani kala hatari yangu?" na ofisi nzima inacheka. Mwisho ukaweka sheria kwamba mtu mmoja ahesabu kila mstari na kuandika daftarini kabla ya mtu yeyote kusogeza mkono. Mtu huyo ukanichagua mimi. Sikuwahi kukuambia jinsi nilivyojivuna.

Siku tuliyopata taarifa nilipanda basi la asubuhi kwenda kwenu Kondoa, likaharibika njiani, nikafika umeshazikwa. Ndugu zako walinipokea vizuri, wakanisogezea nafasi kwenye mkeka. Na nani nimkute hapo? Pendo, amekaa karibu na mama yako, macho yamemvimba, na mapajani bakuli lako limefungwa kwenye kanga. Ulimpa ukiwa hospitali, akasema. Nikalia, na watu wakanipa pole, na pole zile nilizipokea kwa uongo, maana nusu ya machozi yalikuwa ya bakuli. Miaka saba nimeliosha bakuli lile, Dada. Najua pale lilipobonyea na nani alilidondosha.

Basi, mwezi uliopita tukaletewa mfumo wa kliniki ya wajawazito, wa kutumika kwenye zahanati za vijijini. Unamkumbusha mama siku yake ya kliniki kwa ujumbe wa simu, na unamwonyesha muuguzi tahadhari zake. Tukatandaza karatasi kama ulivyotuzoesha. Mstari wa kumi na nne ulisema hivi: kila mama atatambuliwa kwa namba yake ya simu. Pendo akausoma, akaguna. "Kijijini kwa bibi yangu simu moja inazunguka nyumba tatu," akasema, akaweka kunde tatu. Akasimama kidogo, kidole mdomoni, akaongeza karanga mbili. Kaka Elia alikuwa anapita na kikombe chake, akaangalia, akatikisa kichwa kwa furaha. "Huyu ana jicho la Hawa."

Jicho la Hawa! Mimi miaka yote hiyo nilikuwa na jicho la nani?

Wakaenda kunywa chai, nikabaki kuhesabu. Nilipofika mstari wa kumi na nne nikachukua karanga moja, nikala. Nikachukua ya pili, nikala. Sikuwa na njaa, Dada. Nilikuwa nimeshakunywa uji na maandazi mawili nyumbani. Nikaandika daftarini: kunde tatu, karanga hakuna. Mwandiko ulitoka safi kama siku zote, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Bila karanga, mstari ule ukateremka chini, kwenye kundi la mistari inayosubiri, na siku zikaisha kabla hatujaufikia. Hakuna aliyeuandikia jaribio. Nilijiambia si kitu, ni namba ya simu tu.

Tukaenda na Pendo kuutazama mfumo ukitumika kwenye zahanati moja, nje kidogo ya barabara ya Kondoa. Kwenye benchi walikaa wake wenza wawili, wote wajawazito, wanakula ubuyu kwenye mfuko mmoja na kuchekeana. Mke mkubwa aliandikishwa kwanza, kwa namba ya simu ya mume. Uzazi wake wa mwanzo ulikuwa wa kupasuliwa, kwa hiyo muuguzi akaweka tahadhari: asijifungulie hapa, apelekwe hospitali. Akaitwa mke mdogo. Simu? Ileile ya mume, watoe wapi nyingine. Mfumo haukukataa wala haukuuliza. Uliandika jina la mke mdogo juu ya jina la mke mkubwa, kimya kimya, na tahadhari ikabaki palepale chini ya jina lisilo lake. Mke mkubwa akawa hayumo kabisa.

Muuguzi ndiye aliyegundua. Alikuwa bado na kadi za karatasi kwenye droo, na hao wanawake anawafahamu. "Mbona huyu hajawahi kupasuliwa?" akasema. Mwezi unaofuata kadi zile zilikuwa ziachwe, na muuguzi mwenyewe alikuwa anahamia kituo kingine. Niliangalia lile benchi. Mume mmoja, simu moja, mfuko mmoja wa ubuyu, na mwenye wivu pale ndani nilikuwa mimi.

Tuliporudi, Kaka Elia akafungua daftari. Mwandiko wangu huo hapo, karanga hakuna. Akamgeukia Pendo. "Mstari huu uliupanga wewe. Hukuona kwamba unaumiza?" Pendo akaufuata mstari kwa kidole. "Nilidhani niliweka mbili," akasema. Kisha sauti ikapungua. "Labda sikuweka. Samahani, Kaka." Akaambiwa akakae mlangoni apokee simu za wateja mpaka ajifunze kuwa makini. Akakusanya kalamu zake mezani kwako. Bakuli akaliacha, nadhani aliona hastahili tena kuligusa.

Nami nikanyamaza. Tena nikahamia. Siku mbili, Dada, nimekaa kwenye meza yako, dirisha langu, bakuli langu, kila nilichokililia. Kiti chako kinaegemea kushoto, hukuwahi kuniambia. Mgongo uliniuma nikabaki hapohapo. Nilikuwa namsikia Pendo kule mlangoni akirudia majina ya wateja mara mbili, mara tatu, kama mtu asiyeyaamini masikio yake. Nikakukumbuka ulivyokuwa unawaambia vijana wa programu wakificha makosa yao: mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulikuwa unasema huku unatabasamu. Mimi nilishindwa kula ugali wangu.

Ijumaa nikasimama mbele yao wote wawili. "Zile karanga nilikula mimi." Unajua Kaka Elia alifanya nini? Alicheka. Alidhani namtania, nauendeleza utani wako wa nani kala hatari yangu. Ikabidi nirudie. Nikaeleza mstari, nikaeleza idadi, nikaeleza jicho la Hawa. Kusema mara ya kwanza kulikuwa kugumu. Kurudia mbele ya mtu aliyecheka, hapana, hilo simwombei adui yangu.

Pendo hakulia wala hakunitukana. "Dada Loyce," akasema, "mimi siku mbili hizi nafunga mlango nyumbani narudi kuuangalia mara tatu. Nilidhani akili inanitoka." Basi. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuomba. Alipofika mlangoni akageuka. "Unajua Dada Hawa aliniambia nini siku aliyonipa bakuli? Nilimuuliza kwa nini asikupe wewe. Akasema, Loyce halihitaji, Loyce kunde na karanga anazo kichwani. Wewe ndiye utakayepotea bila hili."

Ungedhani nilifurahi. Kwa nusu dakika nilifurahi. Halafu ukaja tena, wivu uleule, na safari hii umevaa nguo mpya: kwa nini maneno mazuri kama hayo ulimwambia Pendo? Miaka saba na hukuniambia mimi mwenyewe. Nilikuwa hapo, Dada. Nilikuwa meza ya pili.

Kaka Elia ameninyang'anya daftari. Kila anayepanga mbegu atahesabu zake mwenyewe, na mwingine atahakiki. Zahanati imeambiwa iendelee na kadi za karatasi mpaka tumalize kusahihisha. Pendo amerudi dirishani, na jana, Jumamosi, alinikuta ofisini, Kaka Elia akaniambia nikae naye tuandike majaribio ya mstari wa kumi na nne. Wake wenza wenye simu moja. Mama asiye na simu. Bibi aliyemleta mjukuu akatoa namba ya mwenye duka. Tulifanya kazi bila maneno mengi. Alikuwa na moja ambalo sikuliwaza, la mama aliyebadilisha namba katikati ya ujauzito, na lilikuwa zuri, na liliniuma.

Alipoondoka nikachukua karatasi tupu nikaandika hitaji langu mwenyewe. Loyce atafanya kazi na Pendo bila kumdhuru. Nikalipangia mbegu. Kunde zilijaa mstari mzima mpaka zikaanguka mezani. Karanga nikaweka mbili, nimenunua mwenyewe kwa mama wa getini. Kisha nikaandika jaribio. Hali ya kuanzia: Pendo anasifiwa mbele yangu. Hatua: nabaki peke yangu na kazi yake. Matokeo yanayotarajiwa, nikaandika, Loyce hataona wivu. Nikakufikiria ukiusoma mstari huo, ukishusha miwani. Nikaufuta.

Kwaheri, Dada Hawa. Kondoa nitakuja mvua zikianza, nimsalimie mama yako na safari hii nimpe pole isiyo na kitu kingine ndani. Pumzika kwenye udongo wenu mwekundu. Siwezi kukuahidi moyo mpya, kwa sababu ahadi nisiyoweza kuipima ulinikataza kuipokea. Nakuahidi nilichoandika baada ya kufuta, na nitakipima kila asubuhi tukianza kazi: wivu utakuwepo, na karanga zitabaki pale Pendo alipoziweka.

Mdogo wako msumbufu,
Loyce